Baba Mkwe Ananiachia Pesa Chini ya Sahani

Shikamoo Bibi Esperansia. Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumapili, maana begi langu liko tayari nyuma ya mlango na mimi mwenyewe sijui kama naondoka au nabaki, kichwa kimevurugika, kila nikiligeuza jambo hili linanitokea na sura nyingine, na hapa nilipo sina wa kumuuliza kwa sababu wote wa kuulizwa ndio wenye kesi.

Mimi nimeolewa Mabawe, huku Ngara, ndoa ya kanisani, bado mbichi. Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu Nyakanazi, pale njia panda, kwenye hoteli ya chakula ya mama mmoja anaitwa Mama Priscila. Najua watu wengi wakisikia mhudumu wa Nyakanazi wanakunja pua, wanafikiri ni kazi ya kujipitishapitisha mbele ya madereva, kwa hiyo nikueleze tulivyokuwa tunaishi maana shida yangu imeanzia hapo hapo. Mshahara wa mwezi hakuna. Mnapewa posho ya siku mkifunga, mnakula asubuhi na mchana, na humo humo kwenye posho ukivunja sahani unakatwa, dereva akimaliza wali wake akapanda lori bila kulipa unakatwa wewe maana meza ilikuwa yako, na siku mvua ikinyesha magari yakapita bila kusimama Mama Priscila anakutazama tu anakwambia, leo na wewe si umeona. Kwa hiyo kilichokuwa kinatuweka mjini hasa ni ile asante ya mteja, akikwambia chenji baki nayo, au hii ya soda. Lakini Bibi, asante nayo ina aina zake. Pesa ya mkononi ina maneno. Mtu anakupa huku kakushika vidole, anakuuliza unatoka saa ngapi, na ukishaipokea jioni anarudi kuidai kwa namna yake. Pesa ya chini ya sahani haina maneno. Mtu amekula, ameshiba, ameinuka, wewe unakuja kutoa vyombo unaikuta na yeye yuko barabarani anaelekea Rusumo, hakukudai kitu. Mimi nikaamua tangu mwanzo kwamba ya mkononi sipokei, ya chini ya sahani napokea, na nikiipata nagawana na yule mama aliyekuwa anaosha vyombo kule nyuma, maana sahani kaing'arisha yeye.

Mume wangu Frednand ni fundi ujenzi, walikuwa wanajenga gesti pale karibu, anakula kwetu kila mchana. Hakuwahi kuniachia hata shilingi, hana, ila akimaliza kula alikuwa anabeba sahani yake mwenyewe mpaka dirisha la jikoni, madereva wanamcheka, yeye wala, basi mimi nikampenda.

Posa ikawa na maneno. Wazazi wangu asili yao ni Burundi, walikuja na mizigo kichwani, sisi watoto tumezaliwa huku, tunalima huku, tunazikana huku, lakini siku ya kuolewa lazima mtu akuulize wewe hasa ni wa wapi. Hilo nililizoea. Nisilolizoea ni shangazi yake Frednand kusimama kwenye kikao na kuuliza mbele ya ukoo mzima, huyu binti katoka Nyakanazi, ameshikwa na mikono mingapi? Bibi, machozi yalinitoka, lakini nilijibu. Niliwaambia kama nilivyokueleza wewe, kwamba mwenye kuniheshimu huacha shukrani yake chini ya sahani akaenda zake, na asiyeniheshimu ndiye anayenishikisha mkononi. Baba mkwe alikuwa kwenye kona na kofia yake magotini, hakuuliza kitu, akatikisa kichwa tu kwamba kikao kiendelee, wakaendelea na habari za mahari, na mimi nikajua hayo yameisha.

Huyo baba mkwe jina lake sitalitaja, sisi mkwe hatajwi jina. Ni mtu mkimya sana. Na nyumba hii wana utaratibu wao, mzee haongei na mkamwana ana kwa ana, akitaka kitu anapitisha kwa mama mkwe, Mama Generoza, hata kama mimi nimesimama hapo hapo. Atasema, Mama Generoza, mwambie mtoto chumvi imezidi kidogo, na mimi nasikia, na nangoja mpaka mama aniambie tena. Anakula peke yake kwenye meza ndogo ya barazani. Mimi napeleka chakula, napiga goti, nanawisha, naondoka, nikija tena ni kutoa vyombo.

Sasa kuna siku nilimpelekea ndizi na maharage, akala akamaliza, akashuka zake kwenye migomba. Nainua sahani, nakuta noti imekunjwa ndogo. Bibi, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba napimwa. Mama Priscila alikuwa na mchezo huo, ukiwa mgeni kazini anaacha pesa mezani makusudi aone kama utaileta au utaitia mfukoni. Nikakimbia nayo kwa mama mkwe, nikamwambia, mama, nimeokota, nadhani baba kaangusha. Akanitazama. Akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga, hakusema neno. Haukupita muda nikakuta noti nyingine chini ya sahani. Nikaipeleka tena kwa mama. Akaifunga tena, na safari hii naona kama kanuna, sasa kanunia nini na mimi ndiye ninayerudisha pesa ya watu?

Siku hiyo hiyo ya noti ya pili wifi yangu Joan alikuwa amekuja kututembelea, akanikuta nimeishika kabla sijaipeleka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi! Kumbe umehama na wateja wako!" Naye Joan huwa hawezi kubaki na kitu tumboni, jioni nimeenda kuchota maji nakuta wanawake wananiuliza, leo mzee kakuachia ya soda? Nilitamani ardhi ipasuke.

Kuanzia hapo nikawa silali vizuri. Nikawaza, huyu mzee ananidharau, ananikumbusha kwamba mimi ni mhudumu tu, na tena mtu wa kuja, kwamba kazi yangu hapa inalipwa inaisha, mwanawe hakuleta mke kaleta mfanyakazi. Mbona nalima naye shamba moja? Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi jembe nililishika kabla ya kuambiwa. Mara nawaza hapana, bado ananipima. Mara nawaza jambo lingine, Bibi, ambalo hata kuliandika mkono unakataa, nalifukuza linarudi.

Wiki iliyopita jumuiya ya sala ilikuwa kwetu, nyumba imejaa watu, tumesali, tumewapa chakula. Nakwenda kutoa sahani ya baba mkwe, na yeye bado amekaa hapo na wageni, naona ncha ya noti imechungulia. Joan akakohoa kile kikohozi chake. Wanawake wawili wakainamisha vichwa wanajizuia kucheka. Mimi sijui nini kilinipanda. Niliichukua ile noti, nikaiweka mbele yake mezani, nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, sikupitisha kwa mtu, "Baba, mimi hapa siyo mhudumu. Mimi nimeolewa."

Mzee hakunitazama, aliitazama ile noti. Kisha akachukua kofia yake akatoka. Wageni wakaaga haraka haraka. Ile noti hakuna aliyetaka kuigusa, ikakaa pale mpaka mama mkwe akaichukua akaenda kuiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria sebuleni, na mpaka leo iko hapo, kila nikifagia naiona.

Tangu siku hiyo baba mkwe hali nyumbani. Anakula kwa mdogo wake, Mzee Telesfori, nyumba ya pili. Mama mkwe anapika chungu kizima kinabaki. Frednand anasema nimemvunjia baba yake heshima mbele ya jumuiya, nikaombe msamaha, la sivyo nirudi kwetu. Mimi namuuliza msamaha wa nini, wa kukataa kulipwa ujira nyumbani kwangu? Anarudia tu, omba msamaha. Na katikati ya hayo Mama Priscila kanipigia simu kwamba malori yameongezeka, meza zangu zipo, nikitaka nije hata Jumapili baada ya misa. Ndiyo maana begi liko nyuma ya mlango.

Nisaidie Bibi. Huyu mzee ananidharau, ananipima, au ni lile nisiloweza kuandika? Niende au nibaki?

Ni mimi niliyechanganyikiwa, Mabawe.

*

Marahaba, mwanangu. Hilo begi lisukume uvunguni kwanza, halafu tuongee.

Nikuambie ukweli, mara ya kwanza kuisoma barua yako nilikuwa upande wako moja kwa moja. Nilisema, mzee gani huyu asiye na haya, analipa mkamwana kama analipia supu! Nikaisoma tena. Nilipofika pale kwenye kikao cha posa nilipiga ukelele hadi jirani yangu akauliza kupitia ua kama nimeona nyoka. Nitakuambia nilichokiona, lakini kwanza tumalize hayo mengine.

Lile usiloweza kuandika nitaliandika mimi, kwa sababu siyo jambo la kufukuzwa tu. Je, amewahi kukushika? Amewahi kukuita pembeni, kukuambia usimwambie mtu? Katika barua yako hayo sijayaona. Mwenye nia mbaya huipitisha gizani, huyu anaiacha barazani, mke wake yupo, binti yake yupo, jumuiya nzima ipo na rozari mkononi. Mimi sioni hilo hapa. Ila kama kuna kitu umenificha, usiningoje mimi, mwambie mumeo leo hii kabla jua halijazama, na hapo mshauri wako ni mwingine kabisa, ni begi.

Kupimwa? Wewe nawe! Huyo Mama Priscila alikupima mara ngapi? Ukishaleta pesa mara ya kwanza mtihani umeshafaulu. Nani anakupima juu ya kupima, tena kwa noti ambayo mtu anayelima haipati kila siku?

Sasa njoo hapa kwenye dharau. Ni nani aliyesema, mbele ya ukoo mzima, kwamba mwenye kumheshimu huacha shukrani yake chini ya sahani akaenda zake? Ni nani? Nimesoma kwa mkono wako mwenyewe! Na ukaandika kwamba mzee alikuwa kwenye kona, kofia magotini, hakuuliza kitu. Hakuuliza kwa sababu alikuwa anasikiliza, mwanangu. Katika kikao kile chote chenye midomo mirefu, naona ni yeye peke yake aliyekusikia.

Hebu jiweke kwenye kiti chake. Una mkamwana. Anakupikia, anapiga goti, anakunawisha, analima na wewe. Umependa. Utamwambiaje? Kusema naye huruhusiwi. Kumshikisha mkononi, mila inakataa, na yeye mwenyewe ameshatangaza kwamba mkononi ni kwa watu wasiomheshimu. Imebaki njia moja tu duniani, na njia hiyo kakuonyesha yeye. Mzee akaishika, maskini, akanyoosha nayo. Akala, akaacha, akaenda zake. Hivyo hivyo kama ulivyosema!

Na wewe ukamrudishia. Akadhani labda hukuelewa, akarudia. Ukamrudishia. Akarudia tena, na safari hii ukamrudishia na maneno juu yake, mbele ya watu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe ulimi umeung'oa ukucha.

Nakuonea huruma, usifikiri sikuonei. Mtu aliyeulizwa tangu utotoni wewe ni wa wapi, kila kitu kwake kinanuka swali hilo, hata kizuri. Lakini hapa nitakugombeza, kwa sababu katika watu wote wewe ndiye uliyepaswa kujua. Umeishi kwa asante. Posho ndiyo ilikuwa ya kazi, na aliyeitoa ni Mama Priscila, tena huku akikukata. Mteja chakula alishakilipia. Ile ya chini ya sahani alikuwa analipia nini? Hakuwa analipia kitu. Alikuwa anakwambia mikono yako ameiona. Sasa baba mkwe naye kasema hivyo hivyo, wewe ukamjibu kwamba hapa huuzi.

Wengine nao wasijifiche nyuma yako. Frednand alikuwepo kwenye kikao, au alikuwa anahesabu mbuzi? Alisikia, na anamjua baba yake. Badala ya kukueleza anarudia omba msamaha kama kasuku. Mwambie nimesema fundi asiyeweza kuona ufa ndani ya nyumba yake atafute kazi nyingine. Joan mwambieni kikohozi kina dawa, aende zahanati.

Mama Generoza ananichanganya, nakiri. Unampa noti anaifunga, hasemi. Kwa nini? Sijui, mimi nakisia tu. Lakini nadhani yule mama alikuwa anajiuliza moyoni, mimi huyu mwanaume nimempikia tangu nikiwa msichana, mbona chini ya sahani yake sijawahi kukuta hata njiti ya kiberiti? Ukisoma vizuri utaona kwamba kanuna, kweli, lakini ile noti ya mwisho hakuila. Kaiweka kwa Bikira Maria. Mtu anayekuchukia hafanyi hivyo.

Basi fanya hivi. Nenda sebuleni, mama mkwe akiwepo, uichukue ile noti kwa mikono miwili. Mwambie, "Mama, Nyakanazi nilikuwa nagawana na aliyeosha vyombo, nisamehe, huku nilisahau kugawana na wewe." Mkanunue sukari na sabuni, na kitakachobaki mgawane, hata kikiwa kidogo cha aibu. Usipunguze hata neno, hasa hilo la kugawana.

Kisha pika. Pika zile zile ndizi na maharage, na chumvi usizidishe. Usimngojee aje. Nendeni wote wawili mpaka kwa Mzee Telesfori, wewe upige goti mlangoni, na mama akusemee kwa utaratibu wenu: mtoto anasema chakula cha baba kiko nyumbani kinapoa. Maneno mengi ya msamaha hapo usiyalete, mzee mkimya hayamfai. Msamaha wa maneno utauleta jumuiya itakapokutana tena, popote itakapokuwa, kwa sababu heshima uliibomoa mbele za watu na haiwezi kujengwa chumbani. Sema umekosea, sema na ulichokosea, kaa chini. Wale wanawake wa kisimani watakosa cha kucheka.

Na Mama Priscila mjibu kwa adabu. Malori ya Nyakanazi hayaishi. Siku ukitaka kazi, mkubaliane na mumeo, nenda kafanye kazi, ni kazi halali na asikudanganye mtu. Lakini Jumapili hii ungekuwa hufuati kazi, ungekuwa unakimbia sahani ya mzee mmoja aliyejaribu kukuambia asante kwa lugha yako.

Akirudi akala, mwache amalize, mwache ashuke kwenye migomba yake. Kisha nenda katoe vyombo kama kawaida, na uinue sahani. Ukikuta kitu, usikimbie nacho popote. Kifunge kwenye kanga yako mwenyewe, halafu mwambie mama mkwe kwa sauti ya kufika shambani, "Mama, mwambie baba nimeona."

Na ukikuta patupu, mwanangu, usinung'unike. Ujue bado anaumia. Mpikie na kesho.